Nne ya Shupaza: Hekima ya Ulinzi Pasipo Turufu

Jioni moja, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana niliyezijua kanuni za mchezo wa briji pasipo kuzifahamu maana zake, nilitupa mezani ree ya shupaza kwa furaha ya mtu achukuaye haki yake, na kwa tendo hilo moja nikaubomoa ulinzi ambao mwenzangu, mzee aliyeketi kunikabili, alikuwa ameujengea tumaini lake lote. Hakunikemea, wala hakukunja uso. Alinitazama kitambo kidogo, akaishika karata yake iliyofuata, akacheza mpaka mwisho kwa adabu ile ile aliyoanza nayo, na mchezo ulipokwisha, wapinzani wetu wakawa wanaandika hesabu yao, alizikusanya karata zote, akazipanga upya kama zilivyokuwa mwanzo, akaniuliza swali moja ambalo nimelichukua moyoni tangu siku ile: “Mwanangu, ree yako ilikuwa na haraka ya kwenda wapi?”

Makala haya ni jawabu la swali hilo. Nayaandika kwa sababu naamini kwamba, katika michezo ya akili ambayo binadamu ameibuni ili kupumzisha mwili na kuamsha fikira, ni nadra kupata mahali ambapo watu wawili wasioruhusiwa kusemezana hulazimika kuaminiana kama pale wanapolinda dhidi ya mkataba usio na turufu. Na kwa sababu fundisho la mahali hapo, kwamba thamani ya karata haimo katika cheo chake bali katika njia inayoilinda au kuifungua, lilinigharimu michezo mingi kabla halijanikaa.

Lugha ya meza

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akikabiliana na mwenziwe, kwa karata 52 zinazogawiwa 13 kwa kila mmoja. Rangi zake ni nne, na majina yake sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuyaazima leo, kwa kuwa tulikwisha kuyaazima zamani kwa Wareno: kopa, uru, shupaza na pau ni copas, ouros, espadas na paus zao zilizolainishwa na ndimi zetu, na hata turufu yenyewe, neno ambalo Mswahili hulitumia kila siku kwa maana ya silaha ya mwisho ya mtu katika jambo lolote, ni trunfo ya Wareno hao hao. Kila mchezaji hutupa karata moja kwa zamu. Karata nne zikitimia ni duru moja, na turufu isipoingia, mwenye karata kubwa ya rangi iliyoanzishwa ndiye aliyeila. Duru zote ni 13.

Kabla ya kucheza huwapo mnada, ambao ndani yake kila upande hunadi idadi ya duru ambazo unaahidi kuzila zaidi ya sita, na rangi ambayo ungependa iwe turufu, au kutokuwapo kwa turufu kabisa. Ahadi iliyo juu huwa mkataba. Basi mwenye mkataba hucheza karata zake na za mwenziwe pia, kwa maana karata za mwenziwe hulazwa mezani wazi, zikatazamwa na watu wote. Na wale wawili waliobaki huwa walinzi, ambao kazi yao ni kuizuia ahadi isitimie. Mkataba usio na turufu unaonadiwa mara nyingi ni ule wa tatu bila turufu, ambao humtaka mwenye mkataba ale duru tisa. Walinzi, kwa hiyo, wanahitaji tano tu.

Mchezo huu ni mjukuu wa mchezo wa kale wa Waingereza uitwao whist, ambao Edmond Hoyle aliuandikia kitabu chake kidogo mwaka 1742. Na sura tunayoijua leo aliitengeneza Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa safarini katika meli iitwayo Finland, iliyokuwa ikitoka Los Angeles kwenda Havana kwa kupitia mfereji wa Panama. Miaka mia moja imepita tangu safari ile, na mambo mengi ya mnada yamebadilika mara nyingi. Walakini kanuni za kulinda pasipo turufu hazikubadilika sana, kwa sababu hazikutokana na mapatano ya watu, bali na hesabu ya karata zenyewe.

Utajiri wa karata ndogo

Palipo na turufu, mtu aliyeishiwa rangi moja huweza kuikata kwa karata ya turufu, hata ree ya mpinzani ikaanguka mbele ya mbili. Lakini turufu ikiondolewa, silaha hiyo huondoka nayo, na karata yoyote isiyo ya rangi iliyoanzishwa haina nguvu hata kidogo, iwe ni mfalme au malkia. Hapo ndipo jambo la ajabu hutokea: karata ndogo kabisa ya rangi ambayo wengine wote wamekwisha kuimaliza huwa kubwa kuliko zote, na aliyeishika anaweza kuitupa mezani huku wenye ree wakimtazama pasipo la kufanya. Utajiri katika mchezo huu ni urefu wa rangi, na mwenye karata tano za rangi moja, ingawa tatu kati yake ni za kudharauliwa, ana hazina ambayo mwenye ree mbili za peke yake hanayo.

Hesabu ya nguvu huthibitisha hayo. Ree huhesabiwa nne, mfalme tatu, malkia mbili, ghulamu moja, na jumla ya karata zote ni 40. Watu wanaonadi tatu bila turufu kwa kawaida huwa na 25 au zaidi baina yao, kwa hiyo walinzi huingia vitani wakiwa na 15 au pungufu, na anayepima mambo kwa cheo peke yake angesema kwamba vita imekwisha kabla ya kuanza. Lakini walinzi wana neema moja: karata ya kwanza ni yao. Mwenye mkataba anao wingi wa nguvu, nao wana hatua moja mbele. Na mashindano yote ya mkataba usio na turufu ni mashindano ya kuamsha rangi ndefu, nani ataiamsha yake kwanza, na nani, akiisha kuiamsha, atakuwa bado na njia ya kuifikia.

Kwa sababu hiyo mlinzi anayefungua hufungua kwa rangi yake ndefu, naye aghalabu hutupa karata ya nne kutoka juu. Desturi hiyo ilirithiwa tangu siku za whist, na faida yake ilifafanuliwa mwishoni mwa karne ya 19 na R. F. Foster, aliyeonyesha kwamba mtu akitoa thamani ya karata iliyofungua katika 11, atapata idadi ya karata zinazoizidi zilizomo katika mikono mitatu mingine. Wengi huitumia kanuni hiyo kama hirizi, pasipo kuuliza sababu yake, ilhali sababu yake ni nyepesi: tukimhesabu ghulamu kuwa 11, malkia 12, mfalme 13 na ree 14, karata zinazoizidi tano ni tisa, na madhali tano hiyo ni ya nne kutoka juu, tatu katika zile tisa zimo mkononi mwa aliyeitupa, na sita zimebaki kwa wengine. Mwenziwe, akiziona zilizo mezani na zilizo mkononi mwake, hujua papo hapo ngapi amezificha mwenye mkataba. Hivyo karata moja ndogo iliyotupwa kimya hubeba habari ambazo maneno kumi yasingezibeba.

Karata zilivyokuwa jioni ile

Sasa niupeleke mkono wa msomaji kwenye meza yetu. Mwenye mkataba alikaa Kusini, na ahadi yake ilikuwa tatu bila turufu. Mimi, Magharibi, nilikuwa na ree, tisa, saba, tano na mbili za shupaza, na nje ya rangi hiyo sikuwa na karata hata moja ya maana. Nikafungua kwa tano. Mezani zikalazwa sita na tatu za shupaza, pamoja na uru tano nzuri zilizoongozwa na ree na ghulamu. Mzee, Mashariki, alikuwa na mfalme, nane na nne. Alimtupa mfalme, akaila duru ya kwanza, Kusini akatoa kumi. Kisha akarudisha nane, Kusini akatupa ghulamu.

Hapo ndipo nilipotupa ree. Niliila duru, nikaanzisha shupaza mara ya tatu, malkia wa Kusini akaila, na nne ya mzee ikaanguka chini yake. Nilikuwa nimebaki na tisa na saba, zote mbili zikiwa sasa hazina mpinzani duniani, nami nikajiona tajiri. Lakini Kusini alipoziendea uru zake, na mzee akamla kwa mfalme wa uru aliyekuwa amemhifadhi kwa saa hiyo, mzee hakuwa na shupaza tena ya kunipa. Alitazama karata zake moja moja, akarudisha kopa, na tisa yangu na saba yangu zikafa mkononi kama fedha iliyofungiwa katika sanduku lisilo na ufunguo. Kusini alikula duru 10, moja zaidi ya ahadi yake.

Laiti ningeiachia ile duru ya pili! Ningetupa mbili chini ya ghulamu, nikaitunza ree. Kusini angeila duru hiyo, ndiyo. Lakini alikuwa ameandikiwa duru moja ya shupaza tangu mwanzo, na kumpa kwa ghulamu badala ya malkia kusingeniondolea kitu. Tofauti ni kwamba nne ya shupaza ingebaki mkononi mwa mzee. Naye alipomla Kusini kwa mfalme wa uru angeirudisha hiyo nne, malkia angetoka, ree yangu ingemla, na tisa na saba zingefuata: mfalme wa shupaza, mfalme wa uru, ree, tisa na saba, duru tano kamili, na ahadi ya tisa ikavunjika kwa moja. Duru mbili tulizozipoteza hazikupotea kwa upungufu wa nguvu. Zilipotea kwa kukatika kwa njia.

Na dalili ya haya yote nilikuwa nayo mbele ya macho. Ni mapatano ya kawaida kwamba mlinzi anayerudisha rangi ya mwenziwe, akiwa amebakiwa na mbili, hurudisha iliyo kubwa, na akiwa amebakiwa na tatu hurudisha iliyo ndogo. Mzee aliporudisha nane alikuwa akiniambia kwamba hakuwa na zaidi ya moja nyuma yake, na kwa hiyo kwamba njia baina yetu ilikuwa nyembamba mno kuweza kubeba haraka yangu. Sikusikia, kwa kuwa nilikuwa nikizitazama karata zangu tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikutaka kuinama hata kwa duru moja.

Vita ya njia

Mwenye mkataba naye anaijua siri hiyo, na aghalabu huitumia dhidi ya walinzi. Akiwa na ree pamoja na ndogo mbili katika rangi waliyoifungua, huikataa duru ya kwanza, akaikataa na ya pili, akaila ya tatu tu, ili mlinzi mwenye karata chache aishiwe, na yule mwenye karata nyingi abaki na hazina isiyofikika. Basi jambo lile lile ambalo mzee alitaka nilifanye kwa ajili ya kuihifadhi njia yetu, mwenye mkataba hulifanya kwa ajili ya kuikata. Na anayezitazama duru hizi kwa uangalifu huona kwamba watu wa pande mbili hawashindanii karata, wanashindania madaraja.

Zipo nyakati ambazo kuikata njia ya adui kunahitaji kafara kubwa kuliko kuachia duru moja. Tuseme mezani kuna pau tano ndefu, zimeongozwa na mfalme, malkia na ghulamu, na nje ya hizo mkono huo wa mezani una ree ya kopa tu. Mlinzi ana ree ya pau, na ana mfalme wa kopa. Anajua kwamba akiitunza ree yake ya pau mpaka mwenye mkataba aishiwe rangi hiyo mkononi, pau zilizobaki mezani zitahitaji njia nyingine ya kufikiwa, na njia hiyo ni ree ya kopa peke yake. Basi humchukua mfalme wake wa kopa, ambaye pengine angemlia duru moja kwa heshima, akamtupa mbele ya ree hiyo kwa makusudi, ili itolewe kabla ya wakati wake. Ikikataa kutoka, kopa nyingine hufuata. Mfalme hufa, na pau tatu au nne hufa pamoja naye.

Hila hiyo huitwa Merrimac, na jina lake lina historia ya bahari. Tarehe 3 Juni 1898, katika vita baina ya Marekani na Hispania, Richmond Hobson na wanamaji saba waliipeleka meli ya kubeba makaa ya mawe iliyoitwa Merrimac mpaka kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Santiago de Cuba, wakakusudia kuizamisha hapo wenyewe ili manowari za Hispania zilizokuwa ndani zisiweze kutoka. Mizinga iliiharibu kabla haijafika mahali pake, ikazama pasipo kuufunga mlango, nao wote wanane wakachukuliwa mateka wakiwa hai. Meli ile haikutimiza kusudi lake. Lakini wazo la kukitoa chombo chako mwenyewe ili kuziba mlango wa mwingine liliwaingia wacheza karata, na mezani hutimia mara nyingi zaidi kuliko lilivyotimia baharini. Ipo na hila ya kinyume chake, iliyopewa jina la Alexandre Deschapelles, Mfaransa aliyekuwa bingwa wa sataranji na wa whist: mlinzi hutoa kafara karata yake kubwa si kwa kuifunga njia ya adui, bali kwa kumfungulia mwenziwe njia ya kuingia. Mmoja huziba, mwingine hufungua, na wote wawili hulipa kwa karata ambayo mtu wa haraka angeikumbatia.

Maneno yasiyosemwa

Walakini mlinzi wa Merrimac atajuaje lini aiachie ree yake ya pau? Akiila mapema, mwenye mkataba atabaki na pau ya kuvukia. Akichelewa, amempa duru ya bure. Jawabu analo mwenziwe. Katika rangi anayoicheza mwenye mkataba, mlinzi akitupa kubwa kisha ndogo, anasema kwamba karata zake ni shufwa. Akitupa ndogo kisha kubwa, ni witiri. Kwa hesabu hiyo ya shufwa na witiri mwenye ree hujua mwenye mkataba alianza na pau mbili au tatu, akaila duru ile ile ambayo ni ya mwisho kwake, wala si kabla yake wala si baada yake.

Lugha hii ina sheria kali, na ukali wake ndio unaoipa utukufu. Mapatano ya walinzi si siri: wapinzani wana haki ya kuyauliza na kuelezwa. Tena hakuna ruhusa ya kusema kwa kitu kingine chochote isipokuwa karata iliyotupwa. Jicho, kikohozi, pumzi, kusitasita, vyote ni haramu. Mwaka 1965, katika mashindano ya dunia huko Buenos Aires, Waingereza wawili mashuhuri, Terence Reese na Boris Schapiro, walishitakiwa kwamba walipashana habari kwa namna walivyozishika karata kwa vidole. Shirikisho la dunia liliwaona wana hatia, na uchunguzi uliofanywa baadaye kwao Uingereza haukuithibitisha, na ubishi wake uliendelea miaka mingi. Ilipofika 1975, wachezaji wa mashindano hayo waliwekewa pazia la ubao katikati ya meza, mtu asimwone mwenziwe. Wapo waliolisikitikia pazia hilo. Mimi naona kwamba lilidhihirisha tu jambo lililokuwapo siku zote: mlinzi mwema hakuwa na haja ya kumwona mwenziwe, kwa kuwa alikuwa akimwona katika kila karata.

Hugh Kelsey wa Scotland, aliyetoa mwaka 1966 kitabu chake kiitwacho Killing Defence at Bridge, aliwafundisha watu wengi kwamba ulinzi si kubahatisha bali ni kuhesabu: kuhesabu nguvu, kuhesabu urefu wa rangi, kuhesabu duru za mwenye mkataba kabla hajazila. Nakubaliana naye kwa moyo wote, ila naongeza jambo moja ambalo hesabu peke yake haimpi mtu. Mwenye mkataba huziona karata 26 za upande wake, na kosa lake ni lake. Mlinzi huona zake 13 na zile za mezani, na nusu ya ulinzi wake imo katika mkono asiouona. Hata akihesabu vyema namna gani, hana budi kuamini kwamba kule ng’ambo yupo mtu anayehesabu pia, aliyeitunza karata fulani kwa ajili yake, anayemngoja. Kuiachia duru unayoweza kuila ni kumwambia mtu huyo: najua upo.

Hilo ndilo nililolikosa jioni ile, na ndilo mzee alilokuwa akinionyesha alipozipanga karata upya. Aliziweka duru mbili za kwanza kama zilivyochezwa, ila safari hii akaichukua mbili yangu ya shupaza, akailaza chini ya ghulamu, na ree akaniachia mkononi. Akamtupa mfalme wake wa uru mahali alipostahili. Kisha, kwa ncha ya kidole, akaisukuma nne ya shupaza mpaka katikati ya meza, taratibu, kama mtu anayesukuma ngalawa ndogo majini, akanitazama. Malkia akatoka. Nikaiweka ree yangu juu yake, na baada ya ree tisa, na baada ya tisa saba, na hakuna hata moja iliyokuwa na haraka.